Digrii Kumi na Tano

Tangu darasa la kwanza Najma alikuwa wa kwanza kumaliza. Mtihani wa saa mbili yeye angeweka kalamu chini baada ya saa moja, kisha akae akichezea kifungo cha shati huku wenzake wakihangaika. Makosa yake yalikuwa madogo madogo, ya kusahau alama ya kutoa au kuandika jibu la swali la nne kwenye nafasi ya swali la tano, na walimu walimsamehe kwa sababu ilionekana wazi kwamba anajua. Nyumbani kwao Kigamboni baba yake, Mzee Mbaruku, aliwaambia wageni kwamba binti yake ana mikono ya mashine. Hakuna aliyemwambia kuwa zipo kazi ambazo kujua hakutoshi.

Alipomaliza kidato cha nne na kozi fupi ya ufundi wa miwani, baba yake alimpeleka Kariakoo kwa Josepha, mama wa Kibosho ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Heriel. Duka lake la miwani lilikuwa chini ya jengo la ghorofa sita nyuma ya Msimbazi, katikati ya muuza mapazia na muuza mabegi. Walikubaliana hivi: Najma akae miaka mitatu, afundishwe kazi mpaka aive, na muda wote huo cheti chake halisi kitunzwe dukani. Mama Heriel alikitia kwenye bahasha ya kaki, akaifungia kwenye droo ya meza yake, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari.

"Siyo kwamba sikuamini, mwanangu," alimwambia. "Nimeshafundisha watu wanne. Wakishajua tu, wanahamia duka la pili mtaa huuhuu."

Baba alicheka, akashukuru, akaenda zake kuwahi pantoni la kuvukia Kigamboni. Najma akabaki.

Chumba alichopewa kilikuwa nyuma ya duka, mahali palipokuwa jiko zamani. Dirisha la nje hakikuwa nalo. Ndani mlikuwa na mashine ya kusagia lenzi, iliyonguruma na kurusha maji. Mashine nyingine ndogo ya kupimia. Meza, kiti, taa, na feni iliyolihamisha joto lilelile kutoka kona moja kwenda nyingine. Mlango ulifunguliwa asubuhi, saa ya chakula na jioni tu, maana Mama Heriel hakutaka vumbi la lenzi lifike kwenye kabati za vioo kule mbele. Kazi iliingia kupitia tundu la ukutani, upana wake kama kitabu kilichofunguliwa. Allan, muuzaji wa mbele, alisukumia hapo trei yenye fremu na karatasi ya daktari, na hapohapo Najma alirudisha miwani iliyokwisha. Wateja hakuwaona. Aliona vidole vya Allan, saa yake kubwa, na mara mojamoja kipande cha tumbo la mtu aliyeegemea kaunta.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Daktari, mwenye chumba chake cha kupimia kule mbele, anampima mtu, anaandika namba za jicho la kulia na za jicho la kushoto. Namba nyingine ni nguvu ya lenzi. Nyingine, kwa yule ambaye jicho lake limepinda kidogo, ni mwelekeo: lenzi ilazwe kwenye digrii ngapi, kuanzia moja hadi mia moja na themanini. Nguvu ikiwa sawa na mwelekeo ukakosewa, lenzi itatoka safi, itang'aa, itakaa vizuri kwenye fremu, na mtu akiivaa dunia italala upande.

Wiki mbili za kwanza Najma aliogopa, akasoma kila namba mara tatu. Wiki ya tatu mikono ikazoea.

"Fasta, Najma, fasta," Allan alimwambia tunduni. "Wateja wa mikoani hawa, wana mabasi ya kuwahi."

Mwezi ulipoisha alikuwa akitoa jozi thelathini kwa siku. Mama Heriel alifurahi waziwazi. Celina, aliyekuwa kwenye kiti hicho kabla yake, hakuwahi kuvuka kumi na nane. Celina alifukuzwa kwa kuharibu lenzi za mteja mmoja mkubwa, na tangu hapo hakuna duka la miwani lililomtaka. Sasa alikuwa akiuza kava za simu barabarani. Watu wa miwani Kariakoo wanajuana wote. Jina likichafuka duka moja limechafuka kila mahali.

Utaratibu wa duka ulikuwa kwamba anayekata apime alichokata, na muuzaji apime tena kabla ya kumkabidhi mteja, kisha atie sahihi. Najma alianza kupima moja kati ya tatu, baadaye moja kati ya kumi, kwa sababu kila alipopima ilikuwa sawa. Allan hakupima kabisa, kwa sababu Najma ameshapima. Sahihi yake aliitia kwa madaha, na mkia mrefu chini.

Asubuhi moja sauti ya mzee ilisikika kaunta.

"Kijana, hebu nitazamie hii tena. Nikiivaa, sakafu inapanda upande wa kulia."

"Mzee Bakili, miwani mpya ndivyo ilivyo. Utazoea. Wiki mbili tu."

"Moja imeshapita."

"Basi imebaki moja."

Watu walicheka kule mbele. Najma naye, mikono ikiwa ndani ya maji ya mashine, alitabasamu.

Mzee alirudi baada ya siku kumi. Safari hii hakukuwa na kicheko.

"Sindano naiona mbili, kijana wangu. Na kichwa kinaniuma hadi jioni."

"Unaivua vua, mzee, ndiyo maana huzoei. Uivae toka unaamka mpaka unalala."

"Sawa. Nitaivaa. Mnisamehe kwa usumbufu."

Lile neno, mnisamehe, lilimfanya Najma azime mashine. Karatasi za daktari zilichomekwa kwenye waya ukutani, za zamani chini, mpya juu. Alizivuta moja moja hadi akaipata: Bakili, fundi cherehani, Mchikichini. Jicho la kulia, mwelekeo 15. Akafungua daftari ambamo aliandika kila alichokata. Mstari wa Bakili, jicho la kulia: 75.

Aliirudia karatasi. Daktari aliiandika moja yake kwa kofia ndefu, ni kweli. Lakini saba zake zote zilikuwa na kistari kiunoni, na hii haikuwa nacho. Yeyote aliyeitazama angeona. Najma hakuitazama. Aliona kitu kinachofanana na sabini na tano, akakata sabini na tano.

Aliirudisha karatasi kwenye waya, katikati ya wenzake, akawasha mashine.

Siku nne alikaa na jambo hilo ndani ya chumba kile. Akisema, atafuata njia ya Celina, na cheti kipo kwenye droo. Asiposema, mzee yule ataendelea kuvaa. Hakuwa na wa kumwambia. Nyumbani baba yake aliuliza, kama kila jioni, "Leo umetoa ngapi?" na Najma akimtajia thelathini za siku zote, Mzee Mbaruku alitikisa kichwa kwa furaha, akarudia idadi hiyo kwa jirani ng'ambo ya ukuta. Asubuhi pantoni likigusa Magogoni watu walikimbilia nje kama waliofunguliwa, yeye akatembea taratibu ili achelewe kufika. Akikaa kitini aliona tundu limepungua. Kila trei iliyoingia aliishika kama inayounguza, akasoma namba mara nne, akakata, akapima, na bado hakujiamini. Thelathini zikawa kumi na mbili.

"Unaumwa?" Allan aliuliza.

"Hapana."

"Sasa?"

Ijumaa, saa ya chakula, Najma alitoka akatembea kwa miguu hadi Mchikichini. Aliuliza uliza katikati ya marundo ya mitumba, kati ya suruali za jinzi na viatu vilivyofungwa kwa kamba jozi jozi, mpaka akaelekezwa kwa mafundi wanaopunguza nguo. Walikuwa wanane kwenye mstari mmoja, cherehani saba zikilia. Ya nane ilikuwa imefunikwa khanga. Nyuma yake alikaa mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, miwani usoni, mkono wa kushoto umefungwa bandeji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Kama ni kupunguza nguo, mpe huyo jirani. Mimi siku hizi napumzika."

"Natoka kule duka la miwani."

Mzee alinyanyua kichwa, akakiinamisha upande kidogo ili amwone vizuri, kama mtu anayechungulia mlangoni.

"Ala! Mnafuatilia mpaka huku? Mwambie yule kijana naivaa. Naivaa kutwa, sivui. Kutembea nimeshajua, napita nikishika ukuta. Juzi tu ngazi ilinidanganya, nikaangukia mkono. Kushona ndiyo bado. Lakini nitazoea."

Najma alinyoosha mkono. "Naomba niichukue, mzee."

"Uichukue? Utairudisha lini? Nikikaa bila hiyo nitaanza upya kuzoea."

"Usizoee," Najma alisema. "Haizoeleki. Ilikatwa vibaya. Ni kosa."

"Kosa la mashine?"

"La mtu."

"Mtu gani?"

"Mimi."

Jirani mmoja alisimamisha cherehani yake, halafu wa pili. Mzee Bakili aliivua miwani taratibu, akaikunja, akaiweka juu ya khanga, akawa anatazama mahali uso wa Najma ulipo bila kuuona vizuri.

"Siku ishirini na moja," alisema. "Nimewaambia watu macho yangu yamekwisha. Nimemwambia mke wangu. Suruali ya harusi ya mtu nimeikata mguu mmoja mfupi, nikamlilia anisamehe, nikasema ni uzee. Kumbe wewe." Aliisukuma miwani kuelekea kwake. "Ichukue. Ondoka hapa mbele ya mashine yangu. Kesho irudi ikiwa miwani."

Dukani Allan alimkuta mlangoni na kuiona miwani mkononi. Hakuhitaji kuelezwa. Alimvuta pembeni, karibu na kabati.

"Sikiliza. Kata nyingine kimya kimya. Lenzi nitakutolea mimi stoo. Mama asijue."

"Mzee ameumia mkono, Allan."

"Na ile sahihi pale chini ni yangu. Unataka tuondoke wote wawili?"

Najma alitazama mlango wa chumba cha nyuma, ulio wazi kwa kuwa ilikuwa bado saa ya chakula, na kiti chake ndani chini ya taa. Kama angeingia sasa na kufunga, mambo yote yangekwisha kimya kimya. Alipita mlango huo, akaenda kusimama mbele ya meza ya Mama Heriel, akaiweka miwani juu yake na kueleza kila kitu bila kupumzika.

Mama Heriel hakupiga kelele. Aliinuka mwenyewe, akaipima miwani, akasoma karatasi, akasoma daftari. Kisha akauliza swali ambalo Najma, kwa siku zote nne, hakuthubutu kujiuliza.

"Wangapi wengine?"

"Sijui, Mama."

"Basi tutajua. Kwanza huyu."

Lenzi ya Mzee Bakili aliikata Mama Heriel kwa mkono wake, Najma amesimama pembeni. Kesho yake walikwenda wote wawili Mchikichini. Mzee aliivaa, akaitazama sakafu kwa muda mrefu, akapiga hatua tatu bila kushika kitu. Akarudi kukaa, akatunga uzi kwenye sindano, mara ya kwanza tu ukapita.

"Hii ndiyo," alisema. Alimwambia Mama Heriel, Najma hakumtazama. "Miwani mmenirudishia, nashukuru. Wale wateja wangu waliohamia kwa jirani, nani atanirudishia?"

Walirudi Kariakoo, Mama Heriel mbele, Najma nyuma, wakipishana na wabeba mizigo.

"Naona niondoke, Mama," Najma alisema walipofika.

"Uende wapi? Umeniharibia, utanitengenezea. Ile miaka mitatu inaanza kuhesabiwa leo."

Mama Heriel alivaa aproni akakaa kwenye mashine, jambo ambalo hakulifanya kwa miaka sita. Najma alikalishwa sakafuni hukohuko ndani, na karatasi zote za daktari tangu alipoanza kazi, elfu moja na kumi na mbili, azilinganishe na daftari. Mlango ulifungwa kama kawaida. Siku ya kwanza alimaliza zote, akasema amepata mbili zenye makosa. Mama Heriel alichomoa fungu moja katikati, akafunua, akaweka kidole.

"Na hii?"

Kulia na kushoto vilikuwa vimepishana. Najma alikuwa ameipita.

"Unajua tatizo lako? Husomi. Unakisia, halafu macho yako yanakukubalia. Anza upya."

Alimfundisha vile alivyofundishwa yeye. Kidole kikae chini ya kila tarakimu. Namba isomwe kwa sauti, tarakimu moja moja, moja, tano, si kumi na tano. Ikisomwa hivyo, isomwe tena kutoka mwisho kwenda mwanzo, ili kichwa kikose njia ya kukisia. Lenzi ikishakatwa, karatasi igeuzwe chini. Ipimwe kama ya mtu usiyemjua, iandikwe ulichokiona, ndipo karatasi ifunuliwe. "Ukiitazama karatasi kwanza," Mama Heriel alisema, "mashine itakuonyesha unachotaka."

Ilimchukua siku tatu. Magoti yalimuuma, koo likakauka kwa kusoma kwa sauti, na namba zikamfuata hadi kwenye pantoni. Alijikuta akisoma kwa kunong'ona namba za magari yanayovuka. Mara nyingi kichwa kiliruka mbele, kikamaliza namba kabla ya kidole kufika, naye akarudi mwanzo. Mwisho zilikuwa tano, ukiacha ile ya Mzee Bakili. Mama Heriel alimpa simu.

"Piga mwenyewe. Usiseme duka limekosea. Sema wewe."

Wanne walipatikana. Mmoja alitukana, mmoja alishukuru, mmoja alisema kumbe, nilishaiweka kabatini nikanunua nyingine. Wa nne alilia, kwa sababu alidhani anapofuka. Wa tano alikuwa mtoto wa miaka tisa, Fortunata, wa Singida. Mama yake alikuja Kariakoo kununua bidhaa na kumtengenezea mwanawe miwani. Simu haikupatikana. Siku ya pili haikupatikana. Siku ya tatu Najma aliweka kidole chini ya tarakimu, akaisoma namba ile kwa sauti, na akagundua kwamba ziko tisa badala ya kumi. Allan, aliyeandika namba za simu za wateja, aliruka moja. Huenda ilikuwa tarakimu iliyojirudia, mbili zikaandikwa moja. Alijaribu kuirudia ya pili. Akapokea mwanamume wa Tanga. Akairudia ya tatu, hakuna. Ya nne, akapokea mwanamke.

"Ndiyo, mimi ndiye mama Fortunata."

Najma alisema. Upande wa pili jogoo aliwika mbali.

"Alikuwa anaivua kila saa," mama yule alisema hatimaye. "Mwalimu amemchapa. Mimi nimemchapa. Nikamwambia anaringa." Kisha akauliza polepole, kana kwamba hataki kujibiwa, "Kwa hiyo mtoto alikuwa anasema kweli?"

"Alikuwa anasema kweli, mama."

Miwani mipya ilisafiri na basi la asubuhi. Najma aliikata, akaipima mara tatu karatasi ikiwa imegeuzwa, akaifunga kwenye pamba na boksi. Hakusikia tena habari za Fortunata.

Allan alibaki kazini, lakini sasa alipima kila miwani amesimama mbele ya Mama Heriel, na hakusema tena fasta. Trei ziliingia kimya kimya na kutoka kimya kimya.

Mwaka ukapita. Jozi za Najma zilitulia kwenye ishirini na mbili kwa siku, na kwa miezi kumi na moja hakuna hata moja iliyorudi. Maduka mengine yakaanza kuleta lenzi zao ngumu, zile za watu wenye macho yaliyopinda sana, wakisema zikatwe na yule binti wa nyuma. Jina lake lilijulikana Kariakoo na watu ambao hawakuwahi kumwona. Baba yake aliposikia alisema, "Si nilisema?" Ila hakuuliza tena idadi, maana ishirini na mbili zilimsikitisha kidogo.

Kabla ya Ramadhani Najma alijipa moyo akamfuata Mama Heriel mezani.

"Mama, nilikuwa naomba nihamie mbele. Hata siku mbili kwa wiki. Nijifunze kupokea watu, nikae na daktari nione anavyopima. Nataka baadaye nisomee."

Mama Heriel alimtazama kwa upendo wa kweli, na hilo ndilo lililoumiza zaidi.

"Mwanangu, nikikutoa huko nani atakaa? Nimpe nani lenzi hizi?"

"Naweza kumfundisha mtu."

"Anafundishika mtu kuwa kama wewe? Wewe mwenyewe uliona kazi hii ilivyokula watu." Akamgusa bega. "Tutaongea baada ya Ramadhani."

Ramadhani ikaja. Najma alifunga, akakaa ndani ya joto lile mdomo mkavu, akisoma tarakimu kwa kunong'ona badala ya sauti. Idi ikapita. Wiki moja, mbili. Asubuhi ya Jumatatu alisikia sauti ngeni ya msichana kule mbele, nyepesi, ikicheka na wateja. Saa ya chakula mlango ulipofunguliwa Mama Heriel alimtambulisha: anaitwa Sophia, ameanza leo, anajua kuongea na watu, atakaa na daktari chumba cha kupimia ajifunze.

"Dada Najma," Sophia alisema, akimpa mkono kwa heshima. "Wamenisimulia habari zako. Wanasema wewe hukosei."

"Karibu," Najma alisema.

Alikula wali wake amesimama mlangoni, pale mwanga wa barabarani unapofikia, akiwatazama watu wakipita na mabegi na mapazia yaliyokunjwa, hadi Mama Heriel alipotazama saa. Akanawa mikono, akaikausha kidole kimoja kimoja, akaingia. Mlango ukafungwa nyuma yake, na trei ya kwanza ya mchana ilikuwa tayari imesukumwa ndani.